Mume anataka mashine ya kahawa ya Masaki, mimi nina laki nne za kikoba

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Segerea. Nakuandikia kwa sababu jambo dogo limeanza kuwa kubwa nyumbani kwangu, na jambo lenyewe ni kahawa.

Nimekulia Temeke. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba na wenzake kijiweni, sisi tulikunywa chai. Mume wangu kwao ni Muleba, Kagera, na kahawa anaijua tangu mdogo. Hata hivyo, miaka yote ya ndoa yetu tumekunywa Africafe ya kopo, maji ya moto, maziwa, basi. Hakuna aliyelalamika. Tangu wahamishie ofisi yao Masaki, mwenzangu amebadilika. Asubuhi kabla hajaingia kazini anapitia mgahawa fulani kunywa kahawa ya mashine, ile yenye povu juu, na bei ya kikombe kimoja pale mimi nanunua mboga ya siku mbili. Nikisema, ananijibu, "Basi tununue mashine yetu, si tutaokoa?" Siku moja akaongeza, "Wewe umezoea ya kopo, utajua nini kuhusu kahawa." Hilo liliniuma, lakini nikanyamaza.

Sasa mwezi uliopita tulivunja kikoba, nikapata laki nne. Hajaziomba waziwazi, ila kila jioni ananionyesha mashine kwenye simu. Jumamosi akanipeleka Kariakoo. Kuna duka tukaonyeshwa moja nyeusi, inang'aa, muuzaji akasema ni ya espreso, 280,000, kama ya hotelini. Kwenye boksi imeandikwa 3.5 bar, na pembeni ina kibomba cha mvuke wa kutoa povu la maziwa. Jirani yake kulikuwa na nyingine ya 15 bar, hiyo bei yake sikuuliza mara mbili.

Wifi yangu yuko Maryland, Marekani. Anakuja Desemba, na amesema tusinunue kitu, atatuletea mashine yake ya zamani ya kudondoshea kahawa kwenye jagi, nzima kabisa. Jirani yangu naye ana ya kapsuli, aliletewa zawadi kwenye harusi. Anasema ndiyo rahisi kuliko zote, unabonyeza tu. Lakini mimi sijawahi kumwona akibonyeza.

Halafu yupo baba mkwe. Mzee anaishi nasi. Kila jioni anachemsha kahawa yake mwenyewe kwenye birika, na tangawizi, jiko la mkaa uani, anakunywa vikombe vidogo na wazee wenzake huku wakibishana Simba na Yanga. Akisikia habari za mashine anacheka tu. Ila kliniki walimwambia kolesteroli imepanda, wakampa orodha ya vyakula vya kupunguza. Kahawa hawakuitaja na mimi sikuuliza.

Asubuhi tunakunywa mimi na mume wangu, yeye anapenda nzito na maziwa mengi. Jiko letu ni la gesi la plate mbili. Maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua, tunatumia ya kisima cha jirani ambayo yana chumvichumvi. Ya kunywa tunanunua ya dumu.

Shangazi, ninunue ipi? LUKU itabaki salama? Na wifi nitamkataliaje bila kuonekana nina dharau?

Ni mimi, Mama wa Segerea.

*

Marahaba, mwanangu.

Ile nyeusi iache dukani. Nina sababu, na nakueleza ili ukabishane naye mezani ukiwa na hoja, si kwa kununa.

Kahawa anayokunywa mumeo Masaki inatoka kwenye mashine yenye pampu. Pampu inasukuma maji ya moto kwa nguvu ya bar 9 hivi (bar ni kipimo cha msukumo), yapite ndani ya kahawa iliyosagwa laini sana na kushindiliwa, na kikombe kinakamilika kwa nusu dakika au pungufu. Ule utando wa rangi ya dhahabu juu ya kahawa unatokana na nguvu hiyo. Mashine ya bei ndogo iliyoandikwa 3.5 bar kwa kawaida haina pampu. Inachemsha maji kwenye tanki lililofungwa mpaka mvuke wenyewe uyasukume. Itakutolea kahawa nzito, sikatai, lakini si ile ya Masaki, na kuna kibirika cha alumini kinachofanya kazi hiyohiyo juu ya jiko lako la gesi kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Nitakifikia.

Na ile ya 15 bar? Namba 15 ni upeo wa pampu, si kipimo cha utamu. Espreso inataka 9. Tatizo lake hasa liko nje ya boksi. Mwambie mumeo kesho akipita pale mgahawani asiiangalie mashine, aangalie kile chombo kirefu kilicho pembeni yake chenye bilauri ya buni juu. Hicho ni kisagio. Mhudumu anasaga kahawa ya kila kikombe palepale mteja akiwa amesimama. Kisagio cha kusaga laini kiasi hicho na kwa usawa mara nyingi bei yake inakaribia ya mashine, na kuna vinavyoizidi. Ukinunua mashine bila kisagio, atatumia kahawa ya paketi iliyosagwa wiki nyingi zilizopita, na mashine za nyumbani nyingi zina kikapu chenye kitundu kimoja chembamba kinachotengeneza povu hata kama kahawa yenyewe imechacha. Povu atalipata. Ladha ya Masaki hataipata, na Jumatatu utamwona tena pale mgahawani.

Kwa hiyo laki nne ya kikoba haitoshi kwa espreso ya kweli. Inatosha, tena inabaki, kwa kahawa nzuri kuliko mliyowahi kunywa nyumbani.

Kabla ya hapo tummalize wifi. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Kifaa chenye elementi ya kuchemsha kilichotengenezwa kwa volti 120, chenye wati 1,000, ukikichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Segerea kitajaribu kuvuta karibu wati 3,700. Mtasikia harufu kabla hamjaona kahawa. Ile adapta ndogo ya kubadilisha pini haipunguzi volti hata moja. Inatakiwa transfoma ya kushusha umeme, tena kubwa, ya wati 1,500 au zaidi, na hiyo ni dude la chuma zito ambalo utalitafutia mahali jikoni ili tu kuilinda mashine ya bure. Angalieni maandishi yaliyo chini ya mashine: kama ni 120V peke yake, hapana. Kama ni 220–240V, karibu.

Lakini usimkatalie wifi mikono mitupu, maana anataka kuwapa kitu. Mtumie ujumbe hivi: "Wifi, asante sana. Umeme wenu na wetu haupatani, mashine itaungua. Ila kama begi lina nafasi, tuletee kisagio cha kahawa cha mkono, kile cha meno ya chuma cha kuzungusha, na pakiti mbili za karatasi za kuchujia." Kisagio cha mkono hakijui volti, kinaingia kwenye begi la mkononi, na ndicho kitu ambacho nyumba yako inakihitaji kuliko mashine yoyote. Atafurahi kwamba ameombwa kitu mahususi.

Ya kapsuli sina maneno mengi. Kila kikombe kina kikopo chake, na ndani ya kile kidogo cha espreso mna gramu tano au sita tu za kahawa. Chukua bei ya boksi dukani, gawa kwa idadi ya vikopo, ndiyo bei ya kikombe kimoja. Tena vikopo vya kampuni moja mara nyingi haviingii kwenye mashine ya nyingine, ukikosa vya kwako unakosa kahawa. Nadhani umeshajua kwa nini jirani yako habonyezi.

LUKU nayo isikunyime usingizi. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka dakika kumi inakula uniti 0.17, asubuhi sita ndiyo uniti moja. Kinachokula umeme ni hita ya maji ya kuoga na pasi, si kahawa. Hofu ya kweli kwa vifaa vya umeme hapa mjini ni kukatika na kurudi kwa kishindo, na ile asubuhi ambayo umeme haupo na mtu anataka kikombe chake. Gesi haina tabu hiyo.

Sasa hicho kibirika. Kinaitwa moka. Kilibuniwa Italia mwaka 1933 kwenye karakana ya Alfonso Bialetti, mwaka uleule ambao wakulima wa Kilimanjaro walianzisha ushirika wao wa KNCU. Kina vipande vitatu: chini maji, katikati kikapu cha kahawa, juu kahawa iliyoiva. Maji yakichemka chini, mvuke unayasukuma yapande yapite kwenye kahawa mpaka juu. Nguvu yake ni kama bar moja na nusu, kahawa inatoka nzito, nyeusi, na haizamishwi na maziwa. Mumeo anayetaka nzito na maziwa mengi, chombo chake ni hiki.

Angalia ukubwa, hapo ndipo wengi wanapoliwa. Moka ya "vikombe sita" haimaanishi vikombe vya chai. Ni vikombe vidogo, vya ukubwa wa vile anavyonywea mzee uani, vya mililita 50 hivi. Ya sita inatoa kama mililita 300 kwa jumla, yaani wewe na mumeo kikombe kikubwa kimoja kila mmoja mkishaongeza maziwa. Nunua ya sita. Usichukue ya tisa ukisema ya wageni, kwa sababu moka inataka kujazwa kila mara. Nusu moka inatoa kahawa mbovu. Dukani fungua na kufunga nyuzi zake, zizunguke bila kukwama. Chungulia ule mpira mweupe au wa kijivu ulio chini ya kipande cha juu: uwe laini, haujapasuka. Nunua na mpira wa akiba palepale, wa saizi ileile, maana baada ya muda unakakamaa na mvuke unaanza kuvujia pembeni.

Kuipika ni hivi. Chemsha maji ya dumu kwanza, si ya kisima. Maji yako ya chumvi yataacha ukoko mweupe ndani, na ule ukoko unaweza kuziba kile kitundu cha usalama kilicho ubavuni, ambacho kazi yake ni kutoa mvuke ukizidi. Kikiziba ni hatari. Mimina maji ya moto mpaka chini kidogo ya kitundu hicho, usikifunike. Jaza kahawa kwenye kikapu mpaka usawa wa ukingo, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Shika sehemu ya chini kwa kitambaa maana ina moto, kaza. Weka kwenye plate ndogo ya gesi, moto mdogo usiozidi kitako cha moka, na mkono wake uuelekeze nje, ni wa plastiki huo. Kama miguu ya jiko imeachana sana na moka inayumba, weka kiwavu cha chuma juu yake. Acha mfuniko wazi utazame. Itaanza kutiririka taratibu, rangi ya kahawia iliyoiva, kisha itapauka na kuanza kukoroma. Ikikoroma tu, ondoa. Wanaoiacha ikorome mpaka mwisho ndio wanaosema moka ni chungu. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo bila kusugua na waya wa chuma, ikaushe, na usiifunge ikiwa mbichi. Kwa unyevunyevu wa Dar alumini itatoa madoa meupe na kahawa itanuka uvundo.

Povu la maziwa analolitaka, apashe maziwa bila kuyachemsha, yakianza kutoa mvuke ayatoe, ayapige kwa kipigio kidogo cha betri. Vinauzwa Kariakoo.

Mpaka Desemba wifi afike na kisagio, tumia kile kikombe kidogo cha blenda cha kusagia viungo. Kisuuze vizuri kwanza, kahawa inanasa harufu ya pilipili manga upesi. Saga kwa kubonyeza na kuachia huku unatikisa, mpaka ifanane na chumvi laini ya mezani. Haitakuwa sawa yote, lakini itakuwa imesagwa leo, na hiyo inaishinda paketi ambayo haijulikani ilifunguliwa lini.

Buni nunua iliyokaangwa, robo kilo kwa robo kilo. Kujaza kikapu cha moka ya sita ni kama gramu 25 hadi 30, kwa hiyo robo inakwenda siku nane mpaka kumi. Uliza imekaangwa lini. Asiyejua tarehe, mwache na mzigo wake. Kwa joto na unyevu wetu, kahawa ikikaa wazi inapoteza ladha haraka. Iweke kwenye kopo la kufunga barabara, kabatini, mbali na jiko, na wala si kwenye friji pamoja na dagaa. Mumeo mtu wa Kagera amelelewa kwenye robusta, aina ya kahawa ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya aina nyingine, arabika, na ni chungu zaidi. Kwao kahawa walikuwa wakiitafuna na kumkaribishia mgeni, siku nyingi kabla ya mashine za Masaki. Mpe nusu robusta ya Kagera na nusu arabika ya Mbinga au Mbozi, itabeba maziwa vizuri na harufu itakuwepo. Na siku akikutania tena habari ya kopo, mkumbushe Africafe yenyewe ni kahawa ya Tanzania.

Nije kwa mzee, na hapa nakuomba unisikilize zaidi kuliko kwenye mashine. Kahawa iliyochemshwa na kunywewa bila kupita kwenye karatasi ina mafuta yanayoitwa kafestoli, na hayo yanapandisha ile kolesteroli mbaya. Kahawa ya birika inayo kwa wingi, hata la shaba, hata lenye tangawizi. Lile jagi la kioo la kusukumia kichujio cha waya linayo pia, ndiyo maana sikukushauri ulinunue. Moka inayo kiasi kidogo kuliko hizo. Karatasi inakamata sehemu kubwa. Birika lake usiliguse, wala jiko la mkaa, wala Simba na Yanga. Nunua koni ya plastiki ya kuchujia, ni ya bei ndogo, iweke mdomoni mwa chupa ya chai, tia karatasi, mzee akimaliza kuchemsha apitishe kahawa humo kabla ya kumimina vikombeni. Ni uvumbuzi wa mama wa nyumbani mwenzio, Melitta Bentz wa Ujerumani, ambaye mwaka 1908 alichoka na machicha akachukua karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe akachujia kahawa. Mzee atasema imekuwa nyepesi. Aongeze kijiko cha kahawa. Na mwezi ujao akienda kliniki, nenda naye, uliza mwenyewe kuhusu kahawa, maana vikombe vingapi kwa siku ni jambo la daktari wake, si langu.

Hesabu yako basi: moka, mpira wa akiba, koni na karatasi, kipigio cha maziwa, robo mbili za buni. Ulizia bei maduka matatu kabla ya kutoa hela, na usiende na mumeo, akiwepo yeye, muuzaji anaongeza bei. Kitakachobaki ni chako. Kikoba umechanga wewe.

Maneno yake kwamba hujui kahawa, usiyajibu kwa mdomo. Wiki ya kwanza pika wewe, ukiitoa moka mara tu inapokoroma kama nilivyosema. Wiki ya pili mwambie, "Baba fulani, wewe ndiye mjuzi, asubuhi kahawa ni zamu yako," na umwachie jiko.

Shangazi